Kihenge cha Chakula cha Sato

Alhamisi, 9 Oktoba 1997
Mifuko imefika. Ishirini! Lori la mnunuzi wa pamba lilikuwa linarudi tupu kutoka Mwanza, likanishushia hadi uani. Chakula cha samaki cha kiwandani, kimevushwa ziwa. Punje ndogo kuliko mbaazi, zinanuka dagaa. Redio inasema mvua ya mwaka huu itakuwa ya ajabu, wanaiita Elnino. Barabara ya Lamadi ikikatika, sato wangu watakula nini? Ndiyo maana nimechukua cha miezi sita kwa mkupuo.

Veronica aliizunguka mifuko, akauliza nitaiweka wapi. Nikamwambia mke wangu, niachie mimi. Miaka kumi na minne nimekuwa karani wa mizani wa chama cha msingi, pamba ya kata nzima imelala mikononi mwangu. Sasa ni soko huria, kila mnunuzi ana mizani yake, na mimi nina bwawa.

Bwawa lenyewe ni jaruba la mpunga la Veronica, hapo chini ya nyumba. Aliachiwa na mama yake. Siku nilipoanza kulichimba alisimama kwenye tuta, akasema neno moja tu: "Baba Josia, mama hakuniachia kingine."

Ijumaa, 10 Oktoba
Ndani ya mfuko mna karatasi ya Kiingereza. Nikamsomea Veronica kwa madaha: kiwekwe mahali pakavu, pasipo joto. Chini kuna maandishi madogo zaidi, sikuhangaika nayo. Pakavu — jua lipo. Pasipo joto — kihenge kipo. Msukuma afundishwe kutunza nafaka?

Nimekikomba kihenge, nikakipaka ndani udongo na samadi mbichi. Hata sisimizi hapiti.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mifuko miwili nimeiacha ya kuanzia. Kumi na minane nimeimwaga kwenye maturubai, nikaianika kama mahindi. Jua la Oktoba! Kufika saa nane punje zinang'aa, turubai lina mafuta. Nikafurahi, nikaona unyevu unatoka.

Jioni wingu likajikusanya upande wa ziwani. Nikazoa haraka, nikamimina kihengeni zikiwa bado na moto wa jua. Ukuta kwa ndani ulikuwa haujakauka sawasawa, ukigusa unabaki na alama ya kidole. Nikasema utakaukia humo humo. Nikaziba mdomo kwa samadi. Jirani yangu Shigela alipita, akakisifu, akasema kimefanana na vya bibi yake. Nilivimba kichwa.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua usiku na mchana. Mifuko miwili imekwisha, leo nimefungua kihenge. Hewa ya moto ilinipiga usoni. Harufu si ya dagaa tena — ya mafuta yaliyochacha. Punje zimeshikana mabonge. Nimeyavunjavunja kwa mchi, nikarusha. Sato wakaja juu kama kawaida yao, wakachukua, wakatema.

Watazoea. Njaa haina kiburi.

Jumatano, 26 Novemba
Kumi na mmoja wanaelea. Matumbo yamevimba.

Ijumaa, 28 Novemba
Thelathini na kitu. Nimeacha kuhesabu, mimi, karani wa mizani.

Jumanne, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Veronica alikwenda kwa mama yake mdogo, Nyamizi. Huyu mke wangu hakosi misa, lakini amerudi na maneno mengine. Nyamizi amemwambia kwamba marehemu, mama yake Veronica, amekasirika: jaruba lililolisha watoto saba limegeuzwa shimo la maji. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda akakaa kwenye tuta, mvua inamnyeshea.

Jumamosi, 13 Desemba
Bariadi kwa miguu, tope hadi magotini. Namtafuta bwana samaki. Ofisi ina kufuli lenye kutu! Amepunguzwa kazini tangu mwaka jana. Nimemkuta sokoni anauza mitumba, Novatus yule yule aliyenipimia bwawa, ana suruali za watu begani.

Nilikuwa na punje kwenye leso. Akavunja moja, akanusa, akanionyesha katikati: ukungu wa kijani. Akaniuliza nilikiweka wapi. Nikamweleza yote, jua, samadi, kuziba. Alinisikiliza akikunja suruali.

"Mzee, mahindi yanataka jua. Hiki kina mafuta ndani, jua linakiozesha. Halafu ukakifungia na unyevu. Umewalisha sumu mwenyewe."

Angenitukana ningeona nafuu. Alisema kilitaka kivuli, chaga la mbao, na upepo upite kati ya mifuko. Nikasema hakuna aliyeniambia. Akajibu kwamba wa kuniambia alikuwa yeye, ila siku hizi anauza suruali.

Nyumbani nimeitafuta ile karatasi. Maandishi madogo: hewa ipite, kisianikwe. Yalikuwepo siku zote.

Jumapili, 14 Desemba
Nimekimwaga chote shimoni, nikafukia. Veronica akauliza kulikoni. Nikasema paa la kihenge limevuja. Paa halijavuja. Nilitaka kumwambia, ulimi ukagoma. Akaniangalia kwa huruma — huruma! — akasema basi mama hataki hata paa letu.

Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 19 Desemba
Waliobaki hawazidi ishirini. Wanazungukazunguka juu, vinywa wazi. Veronica hali vizuri. Amenyoa nywele kama mfiwa, bila kunieleza.

Jumatatu, 22 Desemba
Mvua imepumzika asubuhi hii. Nyamizi amekuja na kuku mweupe wa tambiko. Yeye na Veronica wameamua: tuta livunjwe, maji yatoke, marehemu arudishiwe jaruba lake. Nikasema hilo shimo halitarudi kuwa jaruba, udongo wa juu tuliubeba tukajengea tuta, chini ni changarawe tupu.

Veronica amepiga jembe la kwanza yeye. Maji yameanza kutoka, mekundu. Sato wachache wanarukaruka kwenye tope. Kisha akanigeukia, jembe mkononi.

"Wewe ndiye uliyelichimba. Mwambie mama kwa kinywa chako."

Nyamizi ameshika kuku, anangoja. Shigela na mkewe wamesimama pembeni. Nikafungua kinywa. Nikasema nakwenda kuleta jembe la pili.

Jembe liko hapa mlangoni, naliona. Nimekaa kitandani naandika. Nikitoka nikasema ukweli, itajulikana kwamba nilimwacha alie kwa marehemu wiki mbili kwa ajili ya samadi yangu. Nikitoka nikadanganya, nitamdanganya na aliyekufa.

Wameniita mara moja. Mara mbili. Sasa wamenyamaza — la, ni Veronica. Amechoka kuningoja, anaomba mwenyewe. Namsikia hadi humu ndani. Anamwambia mama yake kosa ni lake, yeye ndiye aliyekubali jaruba lichimbwe —