Msonobari wa Saba

Miyuji, Dodoma
12 Agosti

Kwako dada yangu mpendwa Yudith,

Shikamoo dada. Ninaomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Elisante pamoja na watoto. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma humu. Goti la mama linaendeleaje? Na maharage ya huko Kibakwe mmevuna, au mvua iliwapunja tena? Huku ni upepo na vumbi, midomo imetupasuka.

Utashangaa kuona barua wakati simu unayo. Nimekupigia mara tatu mwezi huu, na kila ukipokea naishia kuulizia kuku. Ndiyo maana nimempa Abeli, dereva wa basi, akuletee mkononi.

Kazi bado naifanya kwenye kitalu cha mzee Octavian. Watu wanaohamia mjini hapa wakishajenga wanataka kijani mwaka mzima. Hawataki mti wa kupukutisha majani kiangazi ukawaachia ukuta mtupu. Tunawauzia duranta za kukatia ua, miti ya thuja iliyochongoka juu, na misonobari mifupi, ile ambayo hata ikizeeka haimfikii mtu kifuani. Mimi ndiye ninayeipanda na kuitunza majumbani mwao.

Miaka minne iliyopita mzee alinituma kwa Mama Paskazia, mtu wa Bukoba, mtumishi wa serikali. Nilipofika getini nilipatambua. Barabara mpya, ukuta mpya, lakini lile jabali lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala liko palepale. Dada, ile nyumba imejengwa kwenye shamba letu. Sebule yake iko pale tulipokuwa tukipura uwele. Sikumwambia. Nilipanda misonobari tisa kando ya jabali kama alivyotaka, nikaondoka bila hata kunawa mikono.

Tangu siku ile sina raha. Kila ninapoinama kupunguza majani ya msonobari wa saba, nasikia mtoto anakohoa nyuma yangu. Kikohozi kile chembamba, kikavu, mara mbili halafu kimya. Nikigeuka ni ukuta na jua. Mwanzo nilidhani ni mtoto wa jirani, nikaenda kuuliza. Jirani ni mzee anaishi peke yake. Nilijaribu kuomba mzee Octavian anibadilishie nyumba, na alipokubali sikulala juma zima, nikarudi mwenyewe. Maji ya kisima cha pale yana chumvi, yanaunguza ncha za majani. Basi huo wa saba nikawa naubebea maji ya kunywa kwenye dumu, kutoka kwangu. Miaka minne, dada. Wenzake wana ncha za kahawia, wenyewe umenawiri peke yake.

Uzuri huo ndio uliolileta jambo. Jumanne iliyopita Mama Paskazia alisema mti mzuri namna ile haufai kufichwa uani, niung'oe na mizizi yake yote nikaupande mbele, karibu na geti. Nilichukua sepetu. Nikasimama nayo mpaka akatoka kuniuliza kama naumwa. Hapo nikamwambia kila kitu, yeye mgeni, kabla yako. Nisamehe kwa hilo pia. Alikaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza neno moja tu:

"Meshack, mama yake anajua?"

Dada Yudith, mama yake ni wewe. Chini ya msonobari ule yupo Sila.

Unakumbuka walipopima viwanja, tukaambiwa makaburi yahamishwe. Wewe ulikuwa umeshaolewa Kibakwe, ukanituma niwaonyeshe kaburi la mtoto wako kwa sababu halikuwa na msalaba wala saruji, mawe tu. Siku hiyo sikuwepo. Nilikuwa Mtera na rafiki zangu, tunakula samaki. Nilifika kesho yake mchana. Kaburi la babu lilikuwa limeshahamishwa, greda limepita, mawe ya Sila yamesukumwa pamoja na mengine. Ardhi yote ilikuwa nyekundu, sawasawa. Nilitembea mpaka jua likazama, sikupajua.

Nilijua unangoja, na mchungaji ameshaitwa. Nikajaza udongo kwenye sanduku, nikapigilia misumari. Uliniomba nilifungue kidogo tu, umguse. Nikakukatalia. Nikasema mila hairuhusu. Hakuna mila ya namna hiyo, niliitunga nikiwa nimesimama mbele yako. Kaburi unalopalilia kila Pasaka halina mtu.

Na nilipochimba shimo la saba, jembe lilitoa shanga za bluu, zile alizofungwa mkononi na bibi. Nilizifukia kwa viganja, nikaweka juu msonobari mdogo kuliko yote ili mizizi isishuke mbali. Ningeweza kukuambia jioni ileile. Niliogopa macho yako, nikamwacha mwanao kwa watu miaka minne mingine.

Mama Paskazia amesema hakuna atakayegusa pale mpaka ufike. Alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa mtaa, akaambiwa taratibu za kibali cha kufukua kaburi, na ameanza kuzifuatilia. Chumba cha wageni amekutandikia. Mimi sitachimba bila ruhusa yako. Ukitaka achimbe mtu mwingine, nitakaa nje ya ukuta. Utakayekunja sanda ni wewe, utakayefunga sanduku ni wewe. Ukiamua pia kwamba alipo panatosha, abaki, Mama Paskazia amekubali, na atamwekea msalaba.

Mama usimsomee barua hii kabla hujamkalisha. Shemeji mwambie mimi ndiye mkosaji, wewe hukujua. Wasalimie watoto, hasa Devota. Jumamosi nitakuwa stendi tangu basi la kwanza hadi la mwisho. Usipopenda kunisalimu, pita tu, nitakufuata kwa nyuma mpaka pale alipo.

Ni mimi mdogo wako,
Meshack