Nafasi ya Kikombe cha Nne

Mjukuu wangu mpenzi,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Kati ya mashindano manne makubwa ya tenisi umeshinda matatu, na vikombe vyako vimo kabatini. Nafasi ya cha nne naifuta vumbi kila asubuhi. Bibi yako hunicheka: "Mzee, unafuta hewa!"

Humo hewani nakuona ungali mdogo, ukipiga mpira kwenye ukuta wa jikoni. Siku hizi mpira huo hugeuka mwezi wenye ukungu. Daktari ataka kunipasua macho na kuyafunga bendeji wiki ileile ya shindano lako la nne. Nikiahirisha, huenda yakazima kabisa. Bibi yako amekwisha kufunga mizigo ya hospitali.

Leo nimeipima nafasi ile kwa viganja, macho nimeyafumba. Nikishaamua, nitakuandikia.

Babu yako