Joab, Jenga Sasa

Boito, tarehe 14 Agosti 1937
Mwaka wa kumi na nane tangu nitoke Seme

Kwa mdogo wangu Joab,

Nakusalimu wewe, mke wako Ayoo na watoto, na mama kabla yenu wote. Natumaini mvua imewafikia na mtama umesimama vizuri. Mimi siumwi, ila nimechoka, uchovu ule ambao hata nikilala hautoki.

Barua yako niliipata. Umesema umeanza kuota mvi na bado unakaa katika boma la marehemu baba, kwa sababu kwetu mdogo hajengi boma lake kabla ya kaka yake. Umesema sokoni wanakuita mtoto wa mama. Ukaniuliza nitakuja lini kujenga. Ngoja nikueleze matembezi yangu ya Jumamosi iliyopita.

Nilipita katika msitu ulio kati ya mashamba ya majani chai na nchi ya Wakipsigis. Siwezi kuiita safari. Njia ni fupi na tambarare, akina mama huipita na mizigo ya kuni huku wakipiga soga. Nilikuwa na Osoro, Mkisii rafiki yangu wa kiwandani. Yeye alibeba shoka, mimi jogoo. Miti ya humo ni ya zamani sana. Mmoja tulijaribu kuukumbatia sote wawili, mikono isikutane. Mbega walitutazama kutoka juu, kimya. Nilisimama mara nyingi, hata Osoro akaniuliza kama naipita njia au naipima niinunue. Akasema hata jogoo amechoka kuningoja. Kusema kweli miguu haikuniuma. Nilijua tu kwamba nikitokea upande wa pili, neno litakuwa limekwisha.

Upande wa pili alitungoja arap Mibei, yule mzee Mkipsigis aliyenipa mahali pa kumzika mke wangu Aoko, wakati sikuwa na njia ya kumleta nyumbani. Wazee wenzake wamekubali nikae hapo hapo, kando ya kaburi.

Unajua mtu huingia boma jipya na jogoo mkononi, na mwanawe wa kwanza hutangulia na shoka. Mimi na Aoko hatukujaliwa mtoto. Basi Osoro, mtu mwenye wajukuu, akatangulia na shoka kama mwanangu. Alicheka, akasema Mjaluo amezaa Mkisii mwenye upara, na kwamba sasa atanidai ng'ombe aoe mke wa pili. Arap Mibei naye akasema mtoto huyo anakula sana, nimrudishe kwao. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha tukachimba shimo, tukasimamisha nguzo ya kwanza.

Kwa hiyo nimejenga, Joab. Kaka yako ametoka kwa baba, huna tena wa kumngoja. Chukua shoka, mwamshe mwanao Amolo, mwende. Wakikuambia huku ni mbali, wajibu kwamba desturi ilitaka nitangulie, haikutaja upande.

Mama usimsomee barua hii. Mweleze wewe mwenyewe, taratibu, akiwa amekwisha kula. Mwambie nina majirani wema, na asitume watu kunichukua, hata siku nitakapokufa.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wasalimie pia. Sitarudi Seme.

Ni mimi kaka yako,
Kepher