Buti za Baba Zinakuja

Karpathos, kijijini kwetu
Jumatano, baada ya sikukuu ya Bikira Maria

Mdogo wangu mpenzi Arhontula,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji, bibi harusi wetu Sevasti, na kabla ya wote Baba. Natumaini goti lake limetulia na supu anaimaliza. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na uchovu wenyewe ni wa mtu anayehitajika kila mahali. Tangu nishuke melini kisiwa hiki hakijakunywa kahawa bila mimi. Nahodha alinishika mkono mbele ya abiria wote, na padri alichelewesha ibada mpaka alipoona nimekaa. Ndiyo maana sijapiga simu. Simu iko mkahawani, na nikiishika tu watu wananyamaza wote wanisikilize.

Nimeuzunguka mtaa wa maduka mpaka nyayo zinawaka moto. Wageni wananunua chochote kinachoning'inia mlangoni, wakiambiwa cha mkono wanaamini. Mimi si wa kuchezewa. Bi Kaliopi, yule mjane wa vitambaa, alinisifia kitambaa cha mezani kwamba amekidarizi yeye majira yote ya baridi. Nilikigeuza nikatazama mgongo wake, nikamwambia mama, baridi hii imepitia kiwandani. Alicheka, akaniuliza kama mimi ni Mjerumani au nimebabuka na jua tu. Nilipomtajia jina la Baba alijipiga kifua, akanitolea sandukuni kitambaa chenyewe hasa. Hicho ni cha Sevasti. Kiko salama begini.

Sasa buti. Najua Baba hasemi lingine, kwamba hataingia kanisani Jumapili kumsindikiza mjukuu wake Sevasti akiwa na viatu vya dukani vya huko kwenu Piraeus, kama mtu asiye na kwao. Nilipofika tu nilimpelekea fundi Nikitas ule uzi mliompimia Baba mguu, na mafundo yake. Fundi aliupitisha vidoleni, akasema mguu huu anaujua, mwembamba kama wa mbuzi wa mlimani, baba yake ndiye aliyeushonea mara ya kwanza. Kisha akanitazama miguu yangu, akasema kweli mtoto anaweza kufuata upande wa mama. Nilicheka naye, kwa heshima ya umri wake.

Alizimaliza asubuhi ya sikukuu. Arhontula, ungeziona! Zinafika chini ya goti, ngozi ya mbuzi, mshono hauonekani. Alinionya jambo moja, kwamba ngozi mpya hushika umbo la mguu wa kwanza kuingia, kwa hiyo asizivae mtu mpaka zimfikie mwenyewe. Nilimwambia anamwambia nani? Mimi nimezijua buti kabla sijajua kusoma.

Baada ya ibada tukala mbuzi, zeze likaanza, wanaume wakakaa mezani kutupiana mashairi kama ilivyo kawaida. Mimi nilikuwa na ndara zangu za plastiki, kwa sababu ya joto. Ndipo Vasilis wa kinu, yule aliyekuwa akinionea wivu tangu utotoni, akainua glasi akaimba mbele ya watu wote:

Minasi mwana wa kwetu, karibu ndani ya ngoma,
lakini hivyo viatu, vya mgonjwa mwenye homa!

Walicheka mpaka mpiga zeze akapoteza wimbo. Mtu akiimbiwa lazima ajibu kwa shairi, nami ninayo mashairi elfu, lakini siku hiyo koo lilikuwa na vumbi. Nikainuka, nikaenda zangu. Niliporudi nilicheza mpaka uzi wa zeze ukakatika, na Vasilis mwenyewe akavua kofia.

Umeshaelewa, wewe hujawahi kuwa mjinga. Nilirudi nimevaa buti za Baba.

Kuingia ziliingia, kwa mafuta ya zeituni na kwa hasira. Kutoka ndiyo habari nyingine. Leo ni siku ya tatu nimezivaa. Miguu imevimba humo ndani kama mkate kwenye bati. Nalala nazo, na Bi Kaliopi, aliyenipa chumba, ametandika magunia ili nisimchafulie shuka zake. Watoto wanapita dirishani kuuliza kama mjomba ameshazaliwa. Fundi Nikitas alikuja na kisu, akasema hakuna njia ila kukata, na jozi nyingine haiwezekani kabla ya mwezi ujao. Nilimwambia akitaka kukata aanze na mguu, ngozi ya mzee aiache. Akafunga kisu chake, akakaa nami kitandani.

Barua hii naituma na meli ya kesho. Mimi nitapanda ile inayofika Jumamosi. Watanishusha bandari ya hapa kwa punda. Njoo unipokee Piraeus na beseni, barafu nyingi, na shemeji, maana ana mikono ya kuvuta. Usimwambie Baba. Akiuliza, mwambie buti zake ziko njiani na Minasi hakuziachia hata dakika moja, na huo hautakuwa uongo. Kama zitakuwa zimepanuka, Jumapili mvalishe soksi mbili.

Mbusu Sevasti kwa niaba yangu. Wasalimie majirani, lakini hili wasilijue.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Minasi

Uzi wa zeze haukukatika. Nilizunguka mara moja, nikakaa, nikashindwa kuinuka mpaka watu wakaondoka. Vasilis ndiye aliyenibeba mgongoni.