Barua ya Kusikilizwa na Baba Neema Peke Yake

Mirongo, Mwanza
Jumanne, saa ya chakula cha mchana

Mume wangu Baba Neema,

Kabla sijakusalimia, weka hedifoni masikioni. Kama wifi yuko karibu mwambie asinune, safari hii tunampumzisha kusoma. Umeshaweka? Haya, Bwana Yesu asifiwe. Hujambo mume wangu? Kile kikohozi cha masika kimekuachia? Mimi kwa neema ya Mungu ni mzima, miguu tu inavimba nikikaa sana kwenye kompyuta. Neema na mumewe huko Buswelu hawajambo, na mjukuu wako sasa anatembea, kuku wa majirani hawana raha.

Nina neno la kukuuliza, lakini ngoja kwanza nikueleze lililonipata.

Kazi yangu hapa steshenari unaijua. Watu wa ofisi wanaleta barua, nachapa, natoa karatasi, wanasaini na kupiga muhuri, naiskani, natuma kwenye simu za watu. Ile niliyochapa naifuta isijaze kompyuta. Nilikuwa najisifu kwamba skani zangu hazina hata kivuli.

Basi akaja Mwalimu Bwire, haoni tangu utoto, anafundisha shule ya msingi. Hata kukaa hakukaa. "Nani humu ndani ni Mama Neema?" Nikasema ni mimi. "Nipe sikio." Akaniwekea simu sikioni. Ile sauti ya dada wa kwenye simu, yule yule ambaye Neema alikuwekea Pasaka akusomee, ikasema: "Picha." Kisha kimya.

"Umesikia barua yangu ya uhamisho ilivyo tamu?"

"Mwalimu, mbona ni barua safi, ina muhuri na kila kitu."

"Ndiyo mama, umeipiga picha pamoja na muhuri wake. Huyu dada wa simu yangu anasoma herufi, hiyo ameshindwa. Imebidi jirani anisomee, na kabla sijafika shuleni mtaa mzima umeshaniaga."

Bosi akacheka, akasema ya herufi tupu bila muhuri siyo barua, ni karatasi ya kufungia maandazi. Mimi nilishindwa kucheka. Barua tatu nimekutumia tangu Pasaka, na zote nilizichapa, nikazitoa, nikasaini kwa mkono wangu ili ziwe na heshima, nikaziskani. Nikadhani unasomewa na simu yako, umejifungia chumbani. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini wifi alinipigia siku ile na kusema, "Wifi, chumvi nimepunguza." Nikabaki najiuliza, chumvi ya nini? Kumbe alisoma mwenyewe mbele yako, kwa sauti, pale nilipoandika kwamba samaki anaokupikia ni kama kayabo, wale sangara wa kukaushwa kwa chumvi wa kupeleka Kongo. Nimeshampigia kumwomba radhi. Alicheka mpaka akapaliwa. "Wifi, sikuruka hata mstari," akaniambia.

Nikamwomba Mwalimu anifundishe, akaja Jumamosi tatu. Mume wangu, ni kazi ndogo, hata mimi wa darasa la saba na cheti cha kupiga chapa nimeiweza. Ile iliyochapwa haifutwi, inatumwa hivyo hivyo na herufi zake. Kichwa cha habari kinawekwa kwa kitufe chake, si kukoleza wino tu kama nilivyozoea, ili asiyeona aruke kwenda anapotaka. Na kila picha inaandikiwa maneno. Sasa mteja akija anaondoka na mbili, ya muhuri kwa ajili ya faili na nyingine kwa ajili ya sikio. Bosi alikuja juu. "Unatuchelewesha, mama. Wasioona wanaokuja hapa ni mmoja!"

"Wa pili ni mume wangu," nikamwambia.

Akasema, "Wewe umeokoka mpaka kwenye kompyuta." Lakini ameacha. Na aache, maana nikiwa nimekalia kiti hiki hatoki mtu na picha tupu. Nimemwahidi Mungu.

Hapa nimekuwekea picha. Dada wa simu atakusomea nilichoandika: Mjukuu wako amesimama mlangoni, amevaa kofia yako ya kaki uliyoisahau Buswelu, imemfunika hadi puani. Meno manne yanaonekana. Anacheka kama wewe, kichwa upande.

Sasa neno langu. Barua tatu ulisomewa na dada yako, na hukuniambia. Najua hukutaka nione aibu. Lakini hata macho yako ulinificha hivyo hivyo, mwaka mzima unagonga vizingiti unasema ni giza la jikoni, na daktari akajua kabla yangu. Nilikasirika, Baba Neema. Niliposema nakuja Mwanza kumwangalia Neema akijifungua, ilikuwa kweli, ila mtoto alipopata miezi mitatu ningeweza kurudi, na sikurudi. Watu walidhani ni kazi. Nilikuwa nakukimbia wewe. Hili singeweza kuliandika likapita kwanza kinywani mwa mtu mwingine, hata awe wifi.

Hasira imekwisha. Nimeiombea muda mrefu, na asubuhi moja nikaamka sina. Nataka kujua kama unataka nirudi nyumbani. Usiniambie "fanya unavyoona mwenyewe" wala "sisi huku salama tu." Nataka jibu lako.

Msalimie wifi yangu, mpishi wetu, chumvi sasa inatosha. Wasalimie mchungaji, mama mdogo wa kule ng'ambo ya mto, na jirani yetu fundi nyavu anayekushika mkono kwenda ibadani.

Jumapili baada ya ibada nitakaa na simu mkononi. Ukipiga, kabla ya salamu niite lile jina ulilokuwa unaniita kwenye shamba la mihogo, kabla hujaja kwetu kujitambulisha. Halijui wifi, halijui Neema, na humu sikuliandika. Nikilisikia nitajua barua hii imekufikia wewe mwenyewe.

Mkeo,
Mama Neema