Glasi ya Pili

Semarang, 3 Machi 1996

Mama, shikamoo.
Mimi mzima, kazi ya wodini inaendelea. Mguu je? Januari uliandika kuwa kidonda cha kidole ni kidogo. Februari ukaandika "bado kidogo." Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda cha wiki nane si kidogo. Umepima sukari? Ni ngapi? Na vidonge unakunywa?
Mwanao, Wartini

Nguter, 20 Machi

Mwanangu, marahaba.
Hapa wazima wote, isipokuwa jirani yetu Bi Parinem, ambaye hajawahi kukiri kuwa mzima. Nimepima kwenye duka la dawa: mia tatu na kumi. Vidonge viliisha, sikurudi zahanati. Miaka thelathini nabeba mgongoni kikapu cha chupa za dawa za miti shamba, watu wa kisukari wananunua sambiloto yangu, yale maji ya majani machungu, leo nikapange foleni nikagombezwe? Nimeongeza majani, kiganja kimoja kimekuwa viwili. Chungu mpaka masikio yanawasha. Na namba inapanda tu! Labda mashine yao mbovu.
Mama yako

Semarang, 2 Aprili

Mama, shikamoo.
Salamu fupi, nimekasirika. Rudi ukachukue vidonge, na uwaambie kuhusu hayo majani. Halafu nieleze bila kuruka kitu: unainywaje hiyo sambiloto? Kiasi gani, na nini baada yake?
Wartini

Nguter, 15 Aprili

Mwanangu, marahaba.
Swali gani hilo kwa mtoto aliyesomeshwa na kikapu changu? Asubuhi nakunywa glasi moja ya chungu. Kisha ya kuosha mdomo, ukwaju na sukari ya mnazi, kama ninavyompa kila mteja bure. Tangu niongeze majani, hiyo tamu nakunywa glasi mbili. Nani atameza kitu kile akae na mdomo hivyo hivyo?
Mama yako

Semarang, 21 Aprili

Mama,
Sukari. Kila siku unakunywa glasi mbili za sukari juu ya dawa ya sukari. Acha leo hii. Nakuja Jumamosi tuende hospitali.
Wartini

Nguter, 9 Juni

Mwanangu, natumaini umerudi kazini salama.
Pale walipokata kidole pamefunga. Namba jana ilikuwa mia na sitini. Vidonge nakunywa, majani wamesema niyaache kwanza. Jana nimetembeza chupa tena, mpaka sokoni tu. Bi Parinem, unajua ana kisukari mwaka wa sita, akanywa chungu yake, akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Wewe tamu hupati tena kwangu."
"Ala! Wamekukata kidole au ukarimu?"
Nikavua kandambili, nikamwonyesha. Akatazama vizuri, akaondoka bila kuaga.
Leo asubuhi nimemkuta kwa muuzaji mwenzangu wa njia panda, glasi ya tamu kila mkono.
Mama yako