Ubongo wa Mbuzi Haushiki Dawa

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Kusaga ubongo maabarani tangu asubuhi. Barafu, sabuni ya labo, mashine ya kuzungusha, mrija wa kuchuja. Mwishoni natia dawa ya kifafa yenye rangi. Kama protini inayoshika dawa ipo, maji yanang'aa. Giza tupu, tena! Ubongo wa ng'ombe uling'aa vizuri. Lakini ng'ombe hawashuki tena toka milimani, njia ni mbaya. Bahati, mwenzangu wa labo, ndiye aliyesema tuchukue mbuzi wa Sange, huku bondeni. Nakumbuka vizuri, ni yeye.

Jumanne, tarehe 5
Shefu wa labo amesema maji yasipong'aa kufikia Ijumaa, kazi inafungwa na mashine zinapelekwa Bukavu. Jasho langu lote! Bahati hakustuka. Bukavu kuna nafasi ya kazi inamngoja, kila mtu anajua. Ubongo analeta yeye. Ufunguo wa frigo ya kuhifadhia ubongo anao. Miye si mjinga.

Jumatano, tarehe 6
Nimebadilisha kufuli ya frigo bila kumwambia Bahati. Alijaribu ufunguo wake, ukakataa. Akaniangalia.
"Dada Furaha, weye unaniogopa?"
Nikasema ile ya zamani ilishika kutu. Uongo mtupu. Ubongo wa leo nimeufungia mwenyewe toka alipouleta, na bado giza. Basi anauharibu njiani! Nimemwambia shefu. Bahati ameambiwa abaki nyumbani. Nimefurahi.

Alhamisi, tarehe 7
Nimekwenda machinjioni mwenyewe. Siku zote tunapokea mfuko getini tu. Leo nimeingia mpaka ndani.
Baba Amani, mchinjaji wetu, alichoma manyoya ya kichwa motoni. Akakitumbukiza mu sufuria ya maji yanayochemka, akakikwangua mpaka kikawa cheupe. Ndipo akakipasua kutoa ubongo. Nilipiga kelele, naye akashangaa:
"Mama, muteja anapewa kichwa kiko na manyoya? Haya gani hiyo!"
Kichwa cha ng'ombe kinachunwa. Cha mbuzi kinachomwa. Nani hapa Uvira hajui? Nimekula vichwa vya mbuzi tangu utoto, na sikufikiri. Protini zetu zilikuwa zinaiva kama yai kabla ya kufika labo.
Baba Amani amenipasulia kimoja kibichi, huku akisikitika. Najichukia.

Ijumaa, tarehe 8
Maji yameng'aa. Shefu amepiga makofi. Mashine zinabaki.

Jumapili, tarehe 10
Baada ya misa nimepita kwa Bahati, mtaani Mulongwe, nikiwa na ufunguo wa pili wa kufuli mpya. Nikamwambia yote, hata niliyomwambia shefu. Alisikiliza mpaka mwisho.
Akauliza kama maji yaling'aa sana. Nikasema sana. Akacheka kwa furaha, ya kweli kabisa.
Ile nafasi ya Bukavu alikuwa ameikataa kwa ajili ya kazi yetu. Mke wake ndiye aliyeniambia. Jana ameikubali.
Ufunguo amenirudishia. Uko hapa mezani.